Presha Niliyomficha Daktari wa Kambi

Baba yangu alifariki mwaka 1986, akiwa na miaka 49. Alikuwa ametia udhu kwa ajili ya alasiri, akaketi kwenye baraza ya msikiti huku kwetu Likoni akisema kifua kinambana, na sala haijakimiwa alikuwa ameshaanguka. Mimi nilikuwa na miaka 16. Watu wazima walisema siku zake zimefika, na hakuna aliyetaja moyo wala presha. Miaka mitano baadaye nilikuwa nikijaza fomu ya kupimwa afya ili niingie jeshi la anga, wakati huo bado likiitwa 82 Air Force. Swali moja liliuliza kama baba yu hai, na kama hayupo, alifariki kwa ugonjwa gani na akiwa na umri gani. Niliandika "homa".

Sikutaka lolote linizuie kuruka. Nimechelewa sana kuelewa kwa nini swali lile limo kwenye fomu: mtu ambaye baba yake au kaka yake alipatwa na ugonjwa wa moyo kabla ya kutimiza miaka 55 yuko kwenye hatari kubwa kuliko mwenzake, hata akiwa na mwili wa chuma. Kwa neno lile moja nilimfumba macho kila daktari aliyenipima kwa miaka 31 iliyofuata. Ninaandika haya nikiwa na waya mdogo ndani ya mshipa wa moyo. Najua wapo vijana wetu wa Pwani, jeshini na kwenye ndege za abiria, wanaojaza fomu ile ile wiki hii.

Asiyeijua kazi yenyewe hataelewa kwa nini rubani anamwogopa daktari, kwa hiyo niieleze kidogo. Ndege ya kivita ikikata kona kali, mwili unakuwa mzito, na uzito huo tunauhesabu kwa G. Hapo ulipoketi uko kwenye G 1. Kwenye G 6 mtu wa kilo 75 analemewa kama ana kilo 450, na damu yake nayo imekuwa nzito kiasi hicho. Ubongo uko juu ya moyo kwa kama sentimita 30, na kila G inayoongezeka hula takriban milimita 22 za presha kabla damu haijafika kichwani. Piga hesabu mwenyewe. Mwenye presha ya 120 asipofanya lolote, akikaribia G 5 hakuna kinachoufikia ubongo. Kwanza rangi zinapotea na dunia inakuwa ya kijivu, halafu unaona kama unachungulia ndani ya bomba, halafu giza. Akiba ya oksijeni iliyomo kichwani ni ya sekunde 4 hadi 6 tu.

Ndiyo sababu tunavaa suti yenye mifuko ya hewa inayobana miguu, mapaja na tumbo, na tunafundishwa kujikaza: unabana miguu na makalio, unavuta pumzi na kuizuia, kila sekunde 3 unaitoa kidogo na kuivuta upya. Ukishuka baada ya saa moja ya kazi hiyo, fulana inakamuliwa. Ndege za kivita za F-5, ambazo Kenya imekuwa ikizirusha tangu mwaka 1978, zimeundwa kuhimili zaidi ya G 7. Ndege itavumilia. Aliye ndani anategemea moyo wake na mishipa yake, sekunde kwa sekunde.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo la kweli lililoniponza. Wakubwa wetu walituambia kwamba hodari wa G ni mtu mfupi, mwenye shingo nene, na presha yake iko juu kidogo. Ni kweli. Mfupi ana safari fupi ya damu kutoka moyoni hadi kichwani, na mwenye presha ya juu anaanza na akiba kubwa kabla G haijaanza kula. Walituambia pia tusikimbie mbio ndefu kupita kiasi, maana moyo uliozoea kwenda polepole huchelewa kushtuka G inapokuja. Hilo nalo lina ukweli wake. Mimi, mfupi na mnene wa shingo, niliyachukua maneno yale nikayafanya dini. Nilinyanyua vyuma, sikukimbia, na kila mashine ya presha iliposoma juu kidogo nilijiambia huu ni mwili wa rubani.

Sikuwahi kuuliza presha ile inayonisaidia kwa sekunde 10 angani inafanya nini kwa saa nyingine zote ninazokaa ardhini. Sasa najua. Inaukwaruza utando laini wa ndani ya mishipa usiku na mchana. Palipokwaruzika mafuta yanajipenyeza, mwili unapeleka askari wake kuyala, askari wanafia humo humo, na ukuta unavimba kwa ndani. Huhisi maumivu wala kizunguzungu. Nilikuwa nastahimili G 6 na mishipa yangu ilikuwa ikizibika siku hiyo hiyo, na hakuna chochote mwilini kilichoniambia kwamba mambo hayo mawili yanaweza kwenda pamoja.

Mwaka 2011, nikiwa na miaka 41 na tayari mwalimu wa urubani, nilikwenda kwenye kipimo changu cha kila mwaka. Mashine ilisoma 148 kwa 96. Daktari aliniacha nikae, akarudia: 146 kwa 94. Alikuwa mtu mpole. Alisema, "Afande, hii si mara ya kwanza kuwa juu. Rudi baada ya wiki mbili tupime tena, na tukiikuta hivi tutaanza kuishughulikia. Dawa zipo." Katika maneno yote hayo masikio yangu yalisikia jambo moja ambalo hata hakulisema: kuzuiwa kuruka. Nilimkumbuka mwenzetu aliyepelekwa ofisini kwa sababu ya moyo, tukawa tunapita mlangoni kwake kila siku na suti zetu na yeye anahesabu mafaili. Nilifikiria posho ya kuruka iliyokuwa ikisomesha watoto wawili. Nilifikiria pia, na hili ndilo lililokuwa kubwa zaidi, kwamba bila ndege sijui nitajiita nani.

Wiki hiyo nilikuja Mombasa kwa likizo fupi. Shangazi yangu wa Majengo alikuwa akitumia vidonge vya presha, vile watu wanavyoviita dawa ya maji kwa sababu vinakufanya uende haja ndogo kila saa. Nikamwomba vinne.

"Vya nani, mwanangu?"

"Vya rafiki yangu, shangazi. Dawa zake zimemwishia."

Alinitazama muda mrefu, akanifungia kwenye karatasi. Nikaacha chumvi, nikaacha kahawa, nikanywa maji ya ndimu na kutafuna kitunguu saumu kila asubuhi, na siku mbili kabla ya kipimo nikaanza vidonge vya shangazi. Mashine ikasoma 128 kwa 82. Daktari alifurahi kwa niaba yangu, akatia sahihi. Nilitoka pale nikijiona nimeshinda.

Siku iliyofuata nilipangiwa kuruka na mwanafunzi wa miaka 24. Yeye mbele, mimi nyuma. Ilikuwa saa 8 mchana, jua kali, na tulikaa ndani ya kioo kile kilichofungwa tukisubiri ruhusa kwa karibu dakika 25. Sikuwa nimekunywa maji ya kutosha, maana sikutaka kubanwa na mkojo angani, na kidonge cha mwisho nilikuwa nimekimeza asubuhi hiyo kwa hofu kwamba huenda wakaniita tena kunipima. Tulifanya mazoezi mepesi, kisha nikachukua usukani nimwonyeshe namna ya kujitoa kwenye kuporomoka. Ilikuwa G 4 tu. G 4 nilikuwa nimezifanya mara elfu, nyingine huku nikizungumza.

Rangi ziliondoka. Kijani cha mashamba chini kikawa majivu, saa za vipimo vya ndege mbele yangu zikawa duara dogo la mwanga, na duara likaendelea kufumba. Nilijikaza kwa nguvu zangu zote na halikufunguka. Sijui ni sekunde ngapi. Nilichosikia ni sauti ya kijana: "Afande? Afande, uko sawa?" Ndege ilikuwa imeshanyooka na rangi zilikuwa zinarudi.

Nikamjibu, "Niko sawa. Endelea, rudi uwanjani."

Chini sikumwambia yeye, sikumwambia daktari, sikumwambia mkuu wangu. Nilijiambia sikulala vizuri. Maelezo yenyewe ni mepesi mno: dawa ya maji inapunguza presha kwa kuukausha mwili, na rubani aliyekauka ana damu kidogo ya kupandisha kichwani. Nilikuwa nimeondoa ile akiba yote kwa wakati mmoja, kisha nikaketi juani dakika 25. Usiku bado humsikia mtoto wa watu akiniuliza kama niko sawa.

Niseme sasa lile ambalo lingebadilisha kila kitu kama ningelijua wakati ule. Miaka mingi baadaye, baada ya kuugua, nilimpigia simu daktari yule. Ameshastaafu. Nilimweleza yote na hakunigombeza. Aliniambia wangenifunga mkononi mashine ndogo inayopima presha kwa saa 24, usingizini na kazini, ili kujua kama presha ni ya kweli au ni hofu ya koti jeupe, kwa kuwa marubani wengi hupanda wakimwona daktari tu. Wangepima mafuta kwenye damu, sukari, figo na umeme wa moyo. Kisha wangenichagulia dawa inayofaa rubani. Dawa ya maji si chaguo zuri kwa mtu wa G kwa sababu ile iliyonipata, na zile zinazopunguza kasi ya moyo hazifai, maana G inapokuja moyo unatakiwa ukimbie. Lakini yapo makundi mengine, kama losatani au amlodipini, ambayo mashirika mengi ya anga duniani huyakubali. Ningekaa chini kwa muda mpaka ionekane dawa imenikaa bila kunisumbua. "Wewe ulikuwa mtu wa wiki chache tu, Afande," alisema. Nililia baada ya kukata simu.

Rubani kijana anayesoma haya aelewe kwamba presha inayotibiwa huwa hainyang'anyi mtu kazi. Madaktari wa anga hawatafuti mtu asiye na kasoro. Wanauliza swali la hesabu: uwezekano wa rubani huyu kuzimika ghafla akiwa kazini ni kiasi gani? Kwa ndege za abiria zenye marubani wawili, kwa muda mrefu kipimo kimekuwa asilimia 1 kwa mwaka. Kwa ndege ya kivita ya mtu mmoja wengi hutaka pungufu ya hapo, na ndivyo inavyopaswa. Hesabu hiyo inafanyika kwa yale unayoyasema. Ukificha, inafanywa ya mtu mwingine aliyebeba jina lako.

Nilistaafu mwaka 2017 nikarudi nyumbani. Nilipata kazi ya kurusha ndege ndogo za watalii kutoka Ukunda kwenda Maasai Mara, na leseni hiyo pia ina kipimo chake cha afya. Kanuni za kimataifa zinataka umeme wa moyo upimwe kila miaka miwili kwa mwenye miaka 30 hadi 50, na kila mwaka baada ya hapo. Wangu ulikuwa safi kila mara, na karatasi ile ilinipa raha nisiyostahili. Kipimo kinachofanywa mtu akiwa amelala kitandani kinaonyesha mapigo na kovu la zamani, lakini mshipa unaweza kuwa umeziba zaidi ya nusu na karatasi ikatoka nzuri. Mwaka 2019 kikundi cha madaktari wa moyo wa nchi za NATO kilichapisha mapendekezo yao kuhusu moyo wa marubani wa kijeshi. Waliona kwamba kwa watu wa kazi hii mtu akionekana na hatari ni vyema vipimo viende mbali zaidi, mpaka kwenye picha ya kompyuta inayoonyesha chokaa iliyojijenga kwenye mishipa ya moyo. Lakini picha hiyo huanzia kwenye maswali. Mwenye baba aliyekufa kwa "homa" hapelekwi.

Halafu ikaja korona. Kuanzia Machi 2020 watalii hawakuwepo, na mimi nikakaa. Kwa miaka miwili niliongezeka kilo 14. Asubuhi mahamri manne na mbaazi za nazi, jioni viazi vya karai na bajia kutoka kwa jirani, chumvi na achari juu yake. Barazani kwa marafiki nilianza kutafuna muguka, majani ya jamii ya miraa, jambo ambalo jeshini nisingelithubutu. Hilo nalisema kwa uzito, kwa sababu hapa kwetu linaonekana kama mazungumzo tu: muguka unapandisha presha na mbio za moyo na unabana mishipa, na kwa mwenye mishipa kama yangu ni kuchezea kiberiti kwenye ghala. Mashine ya presha niliyopewa na binti yangu ilikuwa kabatini, na boksi lake halijafunguliwa.

Jumamosi moja ya Machi 2022 tulikuwa tukitoka walima kisiwani, tumekula biriani. Feri ilipofika Likoni tulishuka, tukaanza kupanda mteremko pamoja na umati. Ilikuwa saa 12 na nusu jioni. Katikati ya kupanda, kitu kikanikalia kifuani, kama gunia la saruji. Hakikuchoma, kilibana. Taya la kushoto likaniuma kama jino bovu, na nikalowa jasho la baridi. Niliketi kwenye ukingo karibu na wauza mihogo.

Mama watoto alisema, "Twende hospitali."

Nikasema, "Ni gesi. Ile biriani."

Mtu niliyeshinda nikiwafundisha vijana kutambua dalili za mwili angani, nilisema ni gesi. Nilikunywa maji ya ndimu, nikaenda nyumbani, nikalala nimekaa. Maumivu yalipungua, yakarudi, yakapungua. Alfajiri sikuweza kuinuka kutoka kwenye sijda. Mke wangu hakuniuliza tena, alimpigia kijana wa teksi, wakanibeba.

Tulifika hospitali moja ya binafsi kisiwani saa 2 na nusu asubuhi. Daktari aliyenipokea alikuwa binti mdogo, umri wa mwanangu wa kwanza. Alinitafunisha aspirini, akafunga nyaya, akatazama karatasi.

"Baba, maumivu yalianza saa ngapi?"

"Jana, saa 12 na nusu jioni."

Alihesabu kwa vidole, saa 14, akanyamaza. Nilikielewa kile kimya kuliko maneno yote yaliyofuata. Mshipa wa moyo ukiziba, misuli inayoutegemea huanza kufa, na huendelea kufa kwa kila dakika. Anayefika ndani ya saa 1 au 2 anaweza kutoka na moyo wake karibu mzima. Mimi nilikuwa nimeuacha usiku kucha.

Siku hiyo hiyo walipitisha mrija kwenye mkono wangu wa kulia, kupitia mshipa wa kifundoni, mpaka moyoni. Mshipa mkubwa wa mbele, unaolisha sehemu kubwa ya misuli ya kusukuma damu, ulikuwa umeziba kabisa. Waliufungua kwa puto dogo na kuweka stenti, ule waya niliousema. Sikulala usingizi, nilikuwa nikitazama kwenye skrini. Nilipoona damu imepita ghafla, kama mto uliofunguliwa, nilimkumbuka baba kwenye baraza ya msikiti.

Gharama nizitaje wazi, maana watu wengi wa kwetu hukisia. Pamoja na siku 5 za kulazwa bili ilikuwa shilingi 815,000. Bima niliyokuwa nayo ililipa 350,000 ikafika kikomo chake. Akiba ya nyumbani ilitoa 120,000, ndugu walichanga 145,000, na 200,000 nilikopa kwenye sako, deni ambalo lilinichukua miaka miwili. Dawa ni kama 6,800 kila mwezi: aspirini ya maisha, dawa ya pili ya kuzuia damu isigande ndani ya stenti kwa mwaka wa kwanza, ya kolesteroli, na mbili za presha na moyo. Usikubali mtu yeyote akuachishe ile dawa ya pili kabla ya muda wake bila kumuuliza daktari wa moyo, hata daktari wa meno anayetaka kukung'oa jino. Stenti ikiziba ghafla ni hatari kuliko ugonjwa wa kwanza. Na kabla hujaugua, soma bima yako ujue kikomo cha moyo ni kiasi gani. Mimi nilikisoma kitandani.

Misuli iliyokufa haikurudi. Moyo mzima husukuma nje asilimia 55 au zaidi ya damu iliyomo kila unapopiga. Wangu, kipimo cha miezi 6 baadaye, ulisukuma 42. Wapo marubani wa abiria waliowekewa stenti wakarudi kazini chini ya masharti, lakini moyo wao ulikuwa na nguvu. Namba yangu ilifunga mlango. Siku niliyopata jibu lile nilitembea kutoka hospitali mpaka bustani ya Mama Ngina, nikakaa chini ya mibuyu nikitazama meli zinaingia Kilindini, na sikurudi nyumbani mpaka magharibi. Mke wangu hakuniuliza nilikuwa wapi.

Kwa miezi mingi nilikuwa mtu mgumu kuishi naye. Nilikasirishwa na sauti za ndege zikishuka Port Reitz. Niliogopa kulala peke yangu, niliogopa kupanda ngazi, niliogopa hata kumkaribia mke wangu. Daktari alipokuja kuniambia kwamba hofu na huzuni baada ya shambulio la moyo ni jambo la kawaida na linatibika, nilihisi mtu ameniondolea mzigo. Ningependa aniambie siku ya kwanza.

Sasa natembea kila alfajiri baada ya sala, dakika 40, kwanza polepole, kisha kwa kasi inayoniwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Mahamri sikuyaacha, nakula moja. Samaki wa kupaka bado yupo mezani, tui limekuwa jepesi. Chumvi haikai tena mezani. Kilo 14 zimetoka 11. Na mashine ya binti yangu imetoka kabatini.

Kuipima presha kuna adabu yake, na nimegundua wengi hawaijui, hata waliosoma. Kojoa kwanza. Usiwe umevuta sigara wala kunywa kahawa au chai nusu saa iliyopita. Keti dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Wenye mikono minene, wanyanyua vyuma kama nilivyokuwa, waombe mkanda mkubwa, maana mdogo husoma juu kuliko ilivyo. Pima mara mbili, andika zote mbili, asubuhi na jioni kwa wiki nzima, na umpelekee daktari daftari lote. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamepimwa hata mara moja. Sisi marubani tunapimwa kila mwaka. Tumepewa bahati ambayo jirani zetu hawana, kisha tunaitumia kujifunza namna ya kuipita mashine.

Mwezi uliopita simu yangu iliita usiku. Alikuwa yule mwanafunzi wangu wa mwaka 2011. Ana miaka 38 sasa, naye ni mwalimu. Alizungumza mambo ya watoto, ya mvua, ya wenzetu waliostaafu, nikajua anazunguka. Mwishoni akasema ana kipimo Alhamisi, na nyumbani mashine inamsomea 144 kwa 92. Akauliza kama mimi, kwa uzoefu wangu, najua namna ya kuishusha kwa siku tatu.

Nilikaa kitandani. Nikamwambia kuhusu fomu ya mwaka 1991, kuhusu baba, kuhusu shangazi na vidonge vinne kwenye karatasi. Nikamwambia na ile siku: kwamba niliona majivu, kisha bomba, kisha sikuona, na kwamba nilimdanganya.

Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Nilijua, Afande," akasema. "Usukani ulilegea. Niliushika mimi ndio nikanyoosha, halafu nikakuita."

Miaka yote hiyo nilikuwa nikiamini nilijitoa mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ulisema uko sawa. Na wewe ndiye uliyekuwa mwalimu."

Sikuweza kumjibu. Nilimwomba msamaha, akaniambia nilale.

Ijumaa, kabla ya adhuhuri, alinitumia picha ya mkono wake uliofungwa ile mashine ya saa 24. Chini yake ameandika kwamba amemwambia daktari yote, hata kuhusu mama yake mwenye sukari, na kwamba watakutana tena Jumatatu.